Zita hakuzaliwa na ukaisari

Umeuliza kama Zita wa Austria alirithi ukaisari, na kwa nini hakuzikwa pamoja na mumewe. Hakurithi, alikipata cheo kwa ndoa. Alizaliwa Italia mwaka 1892, binti wa Duke Robert wa Parma, mzee aliyepata watoto 24 kwa wake wawili (huyo naye!). Utawala wa Parma, jimbo dogo la Italia, ulikuwa umeshapotea zamani; walibaki na jina na mali. Mwaka 1911 akaolewa na Karl wa ukoo wa Habsburg uliotawala Austria, ambaye hakuwa hata mrithi wa kwanza wa kiti cha enzi. Mrithi huyo, Franz Ferdinand, alipouawa Sarajevo mwaka 1914, Karl akasogea mbele, na Novemba 1916 akawa Kaisari.

Zita alikuwa mke wa Kaisari kwa miaka miwili tu. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisha, dola ikavunjika, nao wakaishia uhamishoni. Karl alifia kisiwani Madeira tarehe 1 Aprili 1922, Zita akiwa na miaka 29, watoto saba na mimba ya wa nane. Tangu siku hiyo alivaa nyeusi hadi kufa kwake mwaka 1989, yaani karibu miaka 67. Hakukubali kuacha madai ya kiti cha enzi, ndiyo maana Austria haikumruhusu kurudi hadi mwaka 1982.

Kuhusu kaburi: Karl bado yuko Madeira alikofia uhamishoni, Zita yuko Vienna kwenye kaburi la ukoo wa Habsburg. Ila mioyo yao imehifadhiwa pamoja katika abasia (nyumba ya watawa) ya Muri, Uswisi.