Mfa maji hukamata maji: ukimkuta mzamiaji ana kiwewe juu ya maji

Masika yakiingia na wageni wa mlimani wakapungua, waongoza watalii wa hapa Moshi huja kwangu kwenye bwawa la hoteli kujifunza kuzamia kwa mtungi. Wanataka wakishawateremsha wageni Kilimanjaro waweze kufuatana nao hadi Unguja, Pemba au Mafia. Maswali yao huwa ya kule chini majini: kuna papa? Hewa ikiisha je? Kuhusu juu ya maji hawaniulizi kitu, na mimi nilikaribia kufa juu ya maji, jua linawaka, boti naiona.

Ilikuwa Mnemba, kisiwa kidogo karibu na Unguja, miaka niliyokuwa naongoza wazamiaji Unguja. Mgeni wangu alikuwa baba wa makamo, mwili wa mazoezi, ametoka kupanda Kilimanjaro siku chache kabla. Chini alitulia vizuri. Tulipoibuka, mkondo ulikuwa umetusogeza mbali na boti na kulikuwa na mawimbi madogo. Moja likampiga mdomoni wakati ameshatoa regiuleta, kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi. Akakohoa, akasukumia maski kwenye paji la uso, akaanza kupigapiga maji kwa mikono. Nikafanya kosa la mtu mwenye huruma: nikamwendea uso kwa uso, mkono nimeunyoosha, namwambia atulie.

Alinikumbatia kichwa, kisha akanipanda. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Sasa fikiria akipata kitu kinachoshikika kweli, kama kichwa cha mtu. Regiuleta yangu nilikuwa nimeitoa ili niongee naye, kwa hiyo nilimeza maji ya chumvi ya kutosha. Kilichoniokoa ni kushuka. Nilitoa hewa kwenye jaketi langu, lile vazi linalojazwa hewa ili mzamiaji aelee, nikazama, naye akaniachia papo hapo, maana anayeogopa kuzama hawezi kukufuata chini. Nikaishika regiuleta, nikavuta pumzi mbili tatu, nikazunguka na kuibukia mgongoni kwake. Nikakamata shingo ya mtungi wake, nikaubana mtungi kwa magoti, nikabonyeza kitufe cha kujaza jaketi. Alipoinuka kidogo tu kutoka majini, mikono ikalegea.

Hadi leo hivyo ndivyo ninavyofundisha, kwa sababu ukiwa mgongoni mikono yake haikufikii, na magoti yanakushikilia hata akijigeuza. Lakini usianze na hapo. Ukiwa na kamba, boya au hata dumu tupu lenye kifuniko, mrushie kwanza. Ukilazimika kuogelea, simama mbali kuliko mikono yake inavyoweza kufika, jaketi lako lina hewa, maski usoni, regiuleta mdomoni. Itoe kidogo tu kuamrisha, kisha irudishe. Na amri iwe fupi, kwa sauti kubwa: "Jaza jaketi! Dondosha risasi!" Risasi ni vile vipande vizito vinavyomsaidia mzamiaji kushuka. Akitii, nusu ya kazi imekwisha na hujamgusa. Akikutazama bila kukuona, zunguka nyuma.

Nieleze kidogo kwa nini mtu mwenye mtungi wenye hewa anahangaika hivyo. Akipumua haraka na juu juu, hewa chafu haitoki yote mapafuni, na mwili unadai hewa zaidi. Anaona kama anakabwa, hivyo anatema regiuleta, kitu pekee ambacho kingemlinda na mawimbi. Halafu anainua kichwa na mikono juu, na sehemu ya mwili iliyo nje ya maji haibebwi na maji tena. Uzito wake wote unamsukuma chini. Kila anachofanya ili asizame kinamzamisha. Ndiyo maana mimi hukimbilia jaketi kabla ya maneno ya faraja. Maneno yataeleweka mdomo ukiwa juu ya maji.

Kitufe kikibonyezwa na jaketi lisijae, huenda mtungi umekwisha. Usipoteze muda, fungua risasi ziende. Nimeona watu wakisita kwa sababu ni mali ya kampuni. Ziache zizame, risasi zinanunulika. Ndiyo maana pia kabla ya kuingia majini mguse mwenzako ujue risasi zake zimefungwa wapi, kiunoni au kwenye mifuko ya jaketi, na zinafunguka upande gani. Na jaketi usilijaze mpaka lipasuke: likimbana kifua ataona bado anakosa hewa, na hofu itarudi.

Kuna kiwewe kingine ambacho hunitisha zaidi, cha kimya. Huyu hapigi maji wala haiti mtu. Amekakamaa, macho yametoka, anatazama sehemu moja, kidevu kinaingia na kutoka majini. Wanafunzi wangu wa mlimani huwatambua watu hawa haraka kuliko wengine, kwa sababu mlimani nako mgeni mgonjwa husema "niko sawa" huku anayumba. Wao wamezoea kuuliza swali linalohitaji jibu. Mimi nawaambia majini ni vilevile. Kila mkiibuka, mwonyeshe ishara ya salama na ungoje akurudishie. Asipoirudisha, mhesabu kuwa yuko hatarini, hata kama ametulia kama picha.

Akishashikwa na kuelea, mvute kwa shingo ya mtungi, uso wake ukitazama juu, ukiongea naye njia nzima. Mwambie atoe pumzi ndefu, maana kutoa ndiko kunakosahaulika. Kwenye boti usimgombeze na usiruhusu mtu amcheke. Kama alipanda kwa kasi kutoka chini, au anakohoa, kifua kinauma, ganzi inamwingia au anachanganyikiwa, mpe oksijeni na mpeleke kwa daktari, hata akikataa. Maji aliyovuta mapafuni yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye. Na siku hiyo hazamii tena.

Msimu huu mwongoza mlima mmoja, kijana hodari aliyefika kileleni mara nyingi asizozihesabu, aliingiwa na kiwewe bwawani, mahali ambapo angeweza kusimama. Aliona aibu sana, akaniambia, "Mwalimu, mimi maji yamenikataa." Nilimrudisha kwenye kina cha kifuani tukafanya jambo moja tu: macho amefumba, mkono wa kushoto unatafuta kitufe, jaketi linajaa, analitoa hewa, anaanza upya. Kisha bila kitufe, kwa kupuliza kwa mdomo. Kisha kufungua risasi. Tulirudia mpaka vidole vikajua njia bila kumuuliza. Wiki iliyofuata nilimmwagia maji usoni kwa ghafla akiwa kwenye kina kirefu. Alikohoa, na kabla sijasema neno jaketi lake lilikuwa limeshajaa, ananionyesha ishara ya salama.