Kuhusu ule muziki wako wa nyuzi

Mwanangu,

Swali lako nimelipata, kwamba kweli nimeupenda ule muziki wako ulioutunga wa wapiga nyuzi wanne, vayolini mbili, viola na selo, au nakuridhisha tu kwa kuwa we mwanangu. Nimechelewa sababu bando liliisha, na pia nilitaka niusikilize bila shangazi yako kuuliza kila saa wanaanza kuimba saa ngapi.

Haya. Mwanzo sijaupenda. Sio kwa ajili ya zile noti kugombana, hilo halinisumbui, nimeimba alto miaka mingi najua noti mbili zikikaa jirani zinavyouma na utamu wake. Na we mwenyewe ndo ulinisimulia yule mtunzi Stravinsky muziki wake ulivyozomewa Paris 1913, mwaka huohuo hao Wajerumani wako wanaiunda hii meli yetu ya Liemba, na leo anapigwa kila mahali, kwahiyo kuzomewa sio kesi. Shida yangu kiitikio. Ile vayolini ya kwanza inaanzisha kabisa kama mama wa Kiha anavyoanzisha wimbo, mi huku nishajiweka sawa niitikie, halafu wale watatu haooo wanaenda zao, kila mtu na lake. Mara ya pili hivyohivyo. Yani umekikimbia kiitikio kama kinakudai. Nahisi unaogopa walimu wako huko watasema hiyo kwaya ya kanisani.

Mbona yule mtunzi Mganda uliyenitumia muziki wake, Tamusuza? Wapiga nyuzi walewale wanne, Kronos Quartet wa Marekani wakamrekodi wakamweka kwenye albamu yao ya Pieces of Africa 1992, na mle kipande kidogo kinarudiwa na kurudiwa mpaka miguu yenyewe inajua.

Sasa pale selo inapobaki peke yake chini kabisa, halafu kimya, halafu viola inaingia kama haina uhakika, pale nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, na baba yako akapunguza redio na mpira ulikuwa unaendelea, we unamjua. Hapo usiguse. Hata wakikwambia parefu.

Na kiitikio sisemi ukiweke ili unifurahishe mi. Waitikie kwa sauti mbaya, wachelewe, wakosee makusudi, hayo ya kwako, ila waitikie. Ukimaliza nitumie na makaratasi yake, mi nimezoea d r m (do, re, mi) zetu za kwaya, hivyo vidudu vyako vya mistari mitano nitamwomba mwalimu wa kwaya anisomee.

Mama yako,
Mwanga, Kigoma