Maswali ya wavuvi: kipupwe kimeingia, perege wamekwenda wapi?

Wahariri, habari za kazi. Mimi na wanangu wawili huenda bwawa la Hombolo siku za Jumamosi. Mwezi wa tatu tulikuwa tunapata perege vizuri tu. Tangu Juni iingie tunafika saa kumi na mbili alfajiri, tunavua mpaka saa nne, ndoano haiguswi. Nikasoma mtandaoni ushauri wa Wamarekani wanaovua besi na trauti wakati wa baridi: shusha chambo mpaka chini kabisa, vuta polepole. Nimeshusha, sijaona kitu. Tunakosea wapi?
*Baba wa wawili, Nkuhungu*

Mnakosea saa, ndugu yetu. Na huo ushauri ni sahihi kwao, ila kwenu nusu yake ndiyo inayofaa.

Kwao ziwa huganda juu. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo wakati wa barafu maji ya nyuzi 4 hukaa chini, na juu yake hukaa yaliyo baridi zaidi. Samaki anayeshuka anafuata ahueni. Hombolo haifiki huko hata kwa ndoto. Usiku wa Julai hapa Dodoma hewa hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, lakini maji ya bwawa hubaki juu sana ya nyuzi 4, na katika hali hiyo maji baridi ndiyo huzama. Ukishusha ndoano chini kabisa kwenye kina kirefu unaipeleka palipo na baridi zaidi, tena mara nyingi hewa ya oksijeni ni haba huko kwa sababu ya matope na majani yanayooza.

Sasa angalieni ukingoni. Maji ya kina cha goti hupoa haraka usiku kuliko maji ya katikati, kwa kuwa ni machache. Kwa hiyo alfajiri, pale hasa mnapoweka viti vyenu ndipo penye baridi kuliko kwingine karibu na uso wa maji. Perege ameshaondoka. Yuko nje kidogo, kwenye kina cha mita 2 hadi 3, ametulia. Samaki huyu hula vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hamu yake hupungua sana, na yakikaribia 16 karibu anaacha kula kabisa. Hajafa wala hajahama bwawa. Tumbo lake linasaga polepole, hana haja ya kuhangaika.

Jua likipanda, mambo hugeuka. Kuanzia saa tano maji ya ukingoni huanza kupata joto, na kati ya saa saba na saa kumi jioni ndiyo yenye joto kuliko yote. Mawe ya tuta yaliyopigwa na jua tangu asubuhi husaidia zaidi, kwa hiyo kaeni karibu nayo. Angalieni na upepo: msimu huu unavuma kutoka kusini mashariki, unasukuma maji ya juu yenye joto pamoja na vijidudu kuelekea ng'ambo ya kaskazini magharibi. Huko ndiko kwa kuvulia, ijapokuwa upepo utawapiga usoni na kurusha mshipi kutakuwa kazi. Kwa watoto chagueni kona inayopokea maji hayo lakini ina kichaka au mwamba wa kukinga upepo.

Ukitaka uhakika, nunua kipimajoto cha kawaida, kifunge ndani ya chupa ya plastiki ya nusu lita iliyo wazi mdomo, weka na jiwe dogo, ishushe kwa kamba yenye mafundo kila nusu mita. Iache dakika 5, ivute, soma kipimajoto kikiwa bado ndani ya maji ya chupa. Kukiwa na tofauti ya nyuzi 2 kati ya ukingo na kina cha mita 2, utakuwa umeshajua pa kuweka ndoano.

Ile nusu nyingine ya ushauri, ya kwenda polepole, ichukueni yote. Machi mvua ilikuwa inaingiza udongo na wadudu bwawani, perege alikuwa anagombania chakula. Julai hagombanii. Tumia ndoano ndogo, namba 10 au 12 (kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua), mshipi wa milimita 0.20, na chambo kisichozidi nusu punje ya hindi. Boya nalo lipunguzwe. Kile kizibo kikubwa cha kandambili ambacho watoto hupenda kukata kinabeba sana. Perege wa baridi anagusa, anahisi uzito, anatema, na boya halijatikisika. Ongeza risasi ndogo (vile vizito vya mshipi) moja moja, sentimita 15 hadi 20 juu ya ndoano, mpaka boya lionekane ncha tu. Na msisubiri lizame. Mara nyingi linainuka kidogo au linalala ubavu, maana samaki amenyanyua chambo pamoja na ile risasi. Hapo vuta kwa kifundo cha mkono, si kwa bega.

Minyoo sipati kabisa kiangazi hiki, ardhi ni kavu kama tofali. Nikitumia ugali unayeyuka kabla samaki hajafika. Nifanyeje?
*Msomaji wa Chang'ombe*

Minyoo ipo. Chimba panapomwagika maji ya bafuni, chini ya bomba linalovuja, kwenye shina la mgomba au chini ya samadi yenye unyevu. Ihifadhi kwenye kopo lenye udongo uleule, lililotobolewa, kivulini.

Ugali wa chambo si ugali wa mezani. Pika sembe kikombe kimoja uwe mgumu sana, ukiwa bado na uvuguvugu ukande pamoja na unga wa ngano nusu kikombe mpaka ujivute bila kukatika. Ngano ndiyo inayoshika. Changanya na nyuzi chache za pamba, kiasi cha ncha ya vidole viwili. Jaribu nyumbani: tumbukiza tonge kwenye glasi ya maji likiwa kwenye ndoano, likikaa dakika 10 bila kuachia, linafaa. Likiachia, ongeza ngano, usiongeze maji. Funga kwenye kitambaa kibichi, maana upepo wa Dodoma hulikausha ganda kwa muda mfupi, na ganda hilo ndilo linalopasuka na kuanguka.

Shikamooni. Mwanangu wa miaka tisa alishika samaki mkubwa, mshipi ukaachia palepale kwenye ndoano. Fundo ni lilelile la kamba za viatu. Amelia mpaka nyumbani. Kuna fundo jingine?
*Mama wa Ipagala*

Marahaba, mama. Lipo, na mtoto wa miaka tisa analiweza. Nailoni inateleza, kwa hiyo fundo la kiatu halifai hata ukilikaza kwa meno.

Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoano, iache sentimita 12. Izungushe kwenye mshipi wenyewe mara 6. Rudisha ncha, uipitishe kwenye kile kitanzi kidogo kilichobaki jirani kabisa na tundu, kisha uipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa ulichokifanya sasa hivi. Kabla ya kukaza, lilowanishe kwa mate au maji. Hapa ndipo wengi hukosea: nailoni kavu ikisuguana hupata moto, inaungua kidogo bila kuonekana, na nguvu yake inapungua palepale. Vuta mshipi taratibu mpaka mizunguko ijipange kama springi, kata ncha ubakize milimita 3.

Safari nyingine mshipi ukiachia, mwambie mtoto aangalie ncha iliyobaki. Ikiwa imejikunjakunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza: halikukazwa au mizunguko ilikuwa michache. Ikiwa imekatika wima na imenyooka, fundo halina kosa, mshipi ulikuwa umechubuliwa na mawe. Kata mita nzima ya mwisho na ufunge upya.

Baada ya kusoma habari za trauti na besi nimeshawishika. Nina bwawa dogo la kuchimba huku Bahi. Naweza kupandikiza hao samaki badala ya perege?
*Mfugaji, Bahi*

Trauti hapana, na si suala la pesa. Trauti anataka maji ya nyuzi 10 hadi 16 yanayotembea. Yakivuka 20 anateseka, na bwawa la Bahi mwezi wa kumi linavuka hapo kwa mbali. Joto likipanda oksijeni nayo inapungua: maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 25 kama 8 tu, na huku kwetu kwenye mwinuko ni pungufu zaidi. Kambale hajali, ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Trauti hana. Mayai yake nayo yanataka changarawe safi yenye maji baridi yanayopita. Ndiyo maana walioleta samaki huyu Afrika Mashariki enzi za ukoloni walimpeleka milimani: Kenya mto Gura wa Aberdare mwaka 1905, na kwetu kwenye vijito vya Kilimanjaro, Meru na nyanda za juu kusini. Mwenye hamu ya trauti apande gari aende huko, na koti.

Besi ni habari tofauti, na inatutia wasiwasi zaidi kwa sababu yeye angeweza kuishi. Anapenda nyuzi 18 hadi 27. Aliletwa ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kutoka Marekani na yupo mpaka leo. Lakini ni mlaji wa samaki wenzake. Ukimweka pamoja na perege atakula vifaranga, na mvua kubwa ikivunja tuta lako atashuka hadi mabwawa ya watu. Furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa Viktoria, aina zao nyingi zilitoweka baada ya sangara kupandikizwa. Kuingiza samaki mgeni bila kibali hakuruhusiwi. Mwone afisa uvuvi wa halmashauri yako kwanza. Ushauri wetu ni ubaki na perege, na uweke kambale wachache wa kula vifaranga vinavyozidi. Bwawa la perege likijaa vifaranga wote hudumaa, na hilo ndilo tatizo utakalokutana nalo kweli.

Kambale naye anagoma kwenye baridi?
*Kijana wa Mpwapwa*

Hupunguza, hagomi. Huyu hutafuta chakula kwa ndevu na harufu, giza likiingia. Machweo mpaka saa mbili usiku ndiyo wakati wake msimu huu, kabla maji hayajapoa sana. Ndoano namba 1 au 1/0 (hii ni kubwa kuliko namba 1), mshipi wa milimita 0.40, utumbo wa kuku au ini, uache utulie chini kwenye kina cha mita moja na nusu. Wavuvi wa migonzo, yaani mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, hutumia hata kipande cha sabuni ya mche, na kinashika. Fito usiiache peke yake. Itaondoka na samaki.

Kumshika: mapezi yake ya mbavuni yana mwiba mgumu kila upande, anaukaza ukasimama. Mfunike kwa kitambaa kibichi, weka kidole gumba na cha shahada nyuma ya miiba hiyo miwili, kichwa kikiwa mkononi. Ukimkamata kiunoni atajipinda na utachomwa.

Watoto na bwawa: kichocho, mamba. Mnasemaje?
*Mzazi, Area D*

Kuhusu kichocho, tuwe wakweli: vimelea vyake hutoka kwenye konokono hasa jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri, yaani saa zilezile tulizosifia hapo juu. Kwa hiyo hakuna mtoto kuingia majini, hata kwa vifundo vya miguu, hasa penye magugu na maji yaliyotuama. Buti za mpira, na fito ndefu ya mita 3 ili asilazimike kusogea. Aliyeingia bahati mbaya apelekwe zahanati akapimwe wiki kadhaa baadaye, maana mapema mno haionekani.

Bwawa la Mtera lina mamba na viboko. Huko watoto wakae mahali pa juu palipo wazi, mbali na matete, na samaki wasisafishwe kando ya maji. Chota maji kwa ndoo yenye kamba. Jua likianza kuzama, fungeni vitu. Kambale wa usiku wa Mtera ni wa watu wazima walio na mwenyeji.

Jingine linalosahaulika: bana kile kimwiba cha karibu na ncha ya ndoano, kinachoizuia isichomoke, kwa koleo mpaka kilale. Utapoteza samaki wachache, lakini ndoano ikiingia kwenye sikio la mdogo wa mtu inatoka ilikoingilia.

Na ulizeni leseni halmashauri kabla ya safari. Bwawa likiwa limefungwa kwa uvuvi, mtaambiwa hukohuko, badala ya kuendesha kilomita zaidi ya 100 mpaka Mtera kwenda kutazama maji.

Samaki wa Mtera wakifika Dodoma wanakuwa wamelegea na wananuka tope. Barafu nilikuwa nayo.
*Msomaji wa Makole*

Pengine ilikuwa kidogo. Uzito wa barafu ulingane na uzito wa samaki, hata kama hewa ni ya baridi. Ipondwe, kipande kikubwa kinagusa samaki mmoja tu. Toa matumbo na mashavu ya kupumulia mara tu baada ya kumuua, panga tabaka la barafu, la samaki, la barafu, na utoboe chini ya boksi ili maji yatoke. Samaki anayelala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka ndiye anayelegea. Barafu ikikosekana, mpasue mgongoni, mpake chumvi kilo moja kwa kila kilo 3 za samaki.

Harufu ya tope haitokani na kuoza. Ni kemikali inayotengenezwa na vijidudu vya kwenye maji na udongo, na hujificha kwenye ngozi na mafuta. Chuna ngozi ya kambale, ondoa ile nyama nyeusi ya ubavuni, loweka kwenye maji ya ndimu au siki kwa nusu saa, kisha suuza. Kwa perege kuparuza magamba hakutoshi. Kwangua na ule utando mweusi wa ndani ya tumbo.