Tulianza na maboksi, tukajuta: kwa familia inayojiandaa kurudi nyumbani

Sisi tumerudi nyumbani baada ya miaka tisa ugenini, mimi na mume wangu na watoto wawili, na ningepewa nafasi ya kurudia kitu kimoja tu ningerudia ile miezi minne ya mwisho kabla ya safari. Manake tulivyokata tiketi tu akili zote zikahamia kwenye mizigo, sebule ikajaa maboksi, tepu kila mahali, watu wazima tunanuniana kisa kabati liuzwe au libebwe, na wakati huo mambo ambayo yangekuja kutusumbua yamekaa tu hakuna aliyeyagusa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chochote ambacho lazima uwepo kule ugenini mwenyewe ndo ukipate, anza nacho hicho. Mabegi yatafungwa tu, hata usiku wa mwisho.

Shule kwa mfano. Mkubwa wetu alikuwa darasa la sita, tukachukua ripoti ya muhula wa mwisho tukaona imetosha. Tumefika huku shule mpya inataka matokeo ya miaka yote, barua ya uhamisho yenye mhuri na maelezo ya masomo aliyosoma, na shule ya kule ishafunga likizo ndefu, simu inaita mpaka inakata yenyewe. Mtoto kakaa nyumbani wiki tano anaangalia dari. Ombeni mapema, miezi mitatu kabla siyo mapema mno, na kama lugha ni tofauti tafuteni mtafsiri anayetambulika rasmi, siyo rafiki anayejua lugha.

Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vya chuo navyo ulizeni kabla kama vitatambulika mnakoenda. Kuna mkataba wa Hague wa mwaka 1961, nchi zilizomo zinakubaliana hati kwa kitu kinaitwa apostili, yaani uthibitisho mmoja tu unaoambatanishwa na hati yako na mambo yanaisha, ila kama moja kati ya nchi zako mbili haimo mara nyingi itabidi upite wizara ya mambo ya nje halafu ubalozini. Na apostili inatolewa na nchi iliyotoa hati, ndo maana nasema fanya ukiwa bado uko kule. Hospitali hivyo hivyo, chukua kadi za chanjo zenye tarehe, majibu ya vipimo, na kama kuna anayekunywa dawa kila siku mwambie daktari aandike jina la dawa yenyewe, siyo jina la kibiashara, kwa sababu dawa ileile nchi nyingine inauzwa kwa jina jingine kabisa.

Sasa niwaambie ujinga wangu mwenyewe. Siku ya mwisho nilifunga laini ya simu, najiona mjanja, bili imeisha. Akaunti ya benki tuliiacha wazi maana depoziti ya nyumba ilikuwa irudishwe baada ya ukaguzi. Hela ikaingia kweli, nikitaka kuihamisha benki inatuma namba ya kuthibitisha kwa meseji, kwenye laini ambayo haipo tena! Nikapiga simu, naambiwa kubadilisha namba nifike tawini na kitambulisho. Tawini wapi, nimeshavuka bahari mimi. Ilichukua miezi miwili na nusu na barua za kuthibitishwa na wakili. Msifunge laini, ihamishieni kwenye kifurushi cha bei ya chini kabisa, na muiwekee salio mara kwa mara maana laini isiyotumika hukatwa na namba akapewa mtu mwingine. Mshahara wa mwisho, marejesho ya kodi, vyote hivyo hufika mkiwa mshaondoka. Na michango ya pensheni ulizeni kabla, kuna nchi unaruhusiwa kuichukua ukihama moja kwa moja, kuna nchi unasubiri mpaka umri wa kustaafu.

Mizigo nitaenda haraka. Kontena la futi 20 ndani yake ni kama mita za ujazo 33, ila usitegemee utazijaza zote maana makochi hayapangiki kama matofali, na mkichangia kontena na watu wengine mara nyingi mnalipia kwa mita za ujazo. Nchi nyingi zina msamaha wa ushuru kwa vitu vya nyumbani vilivyotumika vya anayerudi, lakini una masharti ya muda ulioishi nje, ulizeni forodha wenyewe msitegemee maneno ya wakala. Boksi liwe na namba na orodha yake. Vya umeme geuza chaja usome yale maandishi madogo, ukiona 100-240V beba, kifaa cha volti 120 peke yake ukienda kukichomeka kwenye umeme wa volti 230 kitakufukia moshi.

Watoto sasa, hapa nilikosea zaidi. Tulikuwa tunawaambia "tunarudi nyumbani" kwa furaha, kumbe sisi ndo tunarudi, wao wanahama. Mdogo wetu kazaliwa kulekule, nyumbani kwake ni chumba chake na yule rafiki yake wa ghorofa ya chini. Waacheni waage taratibu, wazoesheni kuandika lugha ya nyumbani miezi kadhaa kabla (kuongea wanaongea, kuandika ndo balaa), na msishangae wakiwa na hasira, hata mimi miezi ya kwanza nilikuwa nagombana na kila foleni.

Kitu kimoja tulipatia, kila mtoto tulimpa boksi lake dogo, aweke anachotaka, hakuna kumpangia. La mdogo nilikuja kulifungua huku: viatu vilivyomkaza tangu mwaka juzi, vijiwe vya uwanjani, na kitasa cha mlango wa chumbani kwake. Hapo ndo nikaelewa kwa nini mwenye nyumba alikata ile depoziti. Sasa hivi amekifunga kwa skrubu mbili ukutani juu ya kitanda, hakifungui kitu chochote, na kabla ya kulala lazima akizungushe.