Kutoka Heathrow hadi chuoni

SWALI: Wahariri, Septemba naanza masomo SOAS, London. Nikishuka uwanja wa ndege wa Heathrow na masanduku mawili, nipande nini? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hongera sana, ndugu yetu. Panda treni ya chini ya ardhi, njia ya Piccadilly. Inakufikisha Russell Square, jirani kabisa na chuo, bila kubadilisha, kwa takriban saa moja. Ya Elizabeth ina kasi zaidi, lakini nauli yake ni zaidi ya maradufu na haipiti hapo.

Getini kuna duara la manjano. Gusisha kadi yako ya benki, na ukitoka gusisha hiyo hiyo. Wageni wengi huumia hapa: wameingia kwa simu, chaji imekwisha, wanatoka kwa kadi ya plastiki. Hata kama akaunti ni moja, mashine inahesabu safari mbili ambazo hazikukamilika, na kila moja inakatwa nauli ya juu kabisa. Kabla ya kusafiri, ulizia benki makato ya matumizi ya nje.

Russell Square ina lifti, ila ngazi chache zinabaki. Mizigo ikiwa mizito, shuka kituo kinachofuata, King's Cross, chenye lifti hadi barabarani.