Thapsus: 6 Aprili au 7 Februari?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia. Ninaandaa jedwali la matukio ya mwaka 46 KK kwa wanafunzi wangu. Kitabu kimoja kinasema Julius Caesar aliwashinda wapinzani wake Thapsus, katika Tunisia ya leo, tarehe 6 Aprili. Kingine kinasema 7 Februari. Miezi miwili ni mingi mno kuwa kosa la uchapaji. Nifuate kipi?

JIBU: Mwalimu, vitabu vyote viwili viko sahihi, na umegusa mwaka mgumu kuliko yote katika kalenda ya Roma. 6 Aprili ndiyo tarehe waliyoitaja Waroma wenyewe. 7 Februari ni siku hiyohiyo, ila imehesabiwa kwa kalenda mpya ambayo Caesar aliianzisha 1 Januari 45 KK. Kati ya kalenda hizo mbili umekaa mwaka mmoja wenye siku 445.

Zamani mwaka wa Waroma ulikuwa na siku 355. Anayefunga Ramadhani anajua mwaka wa namna hiyo unavyokwenda: kila mwaka mfungo huwahi kwa takriban siku 11, mpaka ukazunguka majira yote. Waroma hawakulitaka hilo, kwa kuwa sikukuu zao za shamba zilitegemea majira. Kwa hiyo miaka mingine walichomeka mwezi wa nyongeza mwishoni mwa Februari, mwaka ukarefuka kwa siku 22 au 23. Walioamua ni makuhani, na makuhani hao walikuwa wanasiasa. Kuongeza mwezi kulimpa mtu muda zaidi madarakani, na kuuacha kulimpunguzia. Mwaka 51 KK Cicero, mwanasiasa wa Roma aliyepelekwa kutawala jimbo la Kilikia (kusini mwa Uturuki ya leo) bila kupenda, alimwandikia rafiki yake Atticus kumsihi apambane mwezi usiongezwe, ili arudi nyumbani mapema. Februari iliyofuata alikuwa bado anauliza kama umeongezwa au la. Mtawala wa jimbo zima hana hakika Roma ni tarehe ngapi! Kwangu hakuna ushahidi unaoonyesha kuoza kwa kalenda ile kuliko barua hizo.

Kuhani mkuu tangu 63 KK alikuwa Caesar mwenyewe, lakini miaka hiyo aliimaliza vitani, kwanza Gallia (Ufaransa ya leo), kisha dhidi ya Pompeius, mpinzani wake wa Kirumi. Baada ya 52 KK mwezi haukuongezwa tena hadi 46 KK, na kalenda ikazidi kulitangulia jua. Alipovuka bahari kutoka Brundisium, bandari ya Italia, kumfuata Pompeius, kalenda ilisema 4 Januari 48 KK. Lakini akisimulia vita hivyo kwa mkono wake, anasema baada ya kuvuka majira ya baridi yalikuwa yanakaribia. Kwa jua, ilikuwa bado Novemba.

Ndipo akaamua kulilipa deni lote kwa mkupuo mmoja. Februari ya 46 KK iliongezewa siku 23, na kati ya Novemba na Desemba ikaingizwa miezi miwili yenye jumla ya siku 67. Hesabu hii anaitoa Censorinus, mwandishi wa Kirumi aliyeandika mwaka 238 BK. Macrobius, mwandishi mwingine wa Kirumi, anataja siku 443, lakini namfuata Censorinus kwa sababu anaonyesha vipande vinavyofanya jumla yake. Na miezi hiyo si hadithi ya baadaye: ipo barua ya Cicero ya mwishoni mwa Novemba ambayo tarehe yake imehesabiwa kwa siku zilizobaki kabla ya mwezi wa kwanza kati ya hiyo miwili kuanza.

Sasa hesabu wewe mwenyewe. Anzia 1 Januari 45 KK, rudi nyuma siku 445. Unafika katikati ya Oktoba 47 KK, na hiyo ndiyo 1 Januari 46 KK ya Waroma. Kutoka hapo hadi 6 Aprili yao ni siku 116: Januari (ya kalenda ya kale) 29, Februari na nyongeza yake 51, Machi 31, na 5 za Aprili. Unaangukia mwanzoni mwa Februari. Ukikuta pengine pameandikwa 6 Februari, usishtuke. Baada ya Caesar kuuawa mwaka 44 KK, makuhani walikosea wakaongeza siku kila mwaka wa tatu badala ya wa nne, mpaka Augustus, mfalme aliyemrithi Caesar, akarekebisha. Wataalamu hawakubaliani jinsi ya kuipanga miaka hiyo, na tofauti ya siku moja hutoka hapo.

Ukishajua hili, matukio mengine ya mwaka huo yanasomeka vizuri zaidi. Caesar aliporudi Roma alifanya maandamano manne ya ushindi: Gallia, Misri, Ponto na Afrika. Vercingetorix, kiongozi wa Wagallia aliyekuwa mfungwa tangu aliposhindwa Alesia mwaka 52 KK, aliuawa wakati huo. Hekalu la Venus Genetrix likawekwa wakfu 26 Septemba. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba katika sherehe hizo watazamaji walitandikiwa mapazia ya hariri juu ya vichwa vyao ili wasichomwe na jua. Kwa Septemba mtu anaweza kuona ni anasa tu, ila Septemba ile iliangukia Julai halisi, na Julai ya Roma ni kali.

Katika jedwali lako weka safu mbili, ya tarehe ya Kirumi na ya tarehe iliyogeuzwa, kwa kila tukio la 46 KK na la miaka iliyotangulia. Ukifika vita vya Munda, katika Hispania ya leo, 17 Machi 45 KK, safu moja inatosha.