Prosesa ya 400 kwenye kompyuta ya marehemu baba

SWALI

Assalamu alaykum fundi. Mimi msomaji wako wa Wete, nasomesha skuli. Baba yetu Mungu amrehemu katuachia kompyuta yake aloinunua 1996, na ndani mna hesabu zake zote za karafuu, shamba gani limetoa pishi ngapi, nani kachuma na kalipwa kiasi gani, na programu yenyewe kaiandika ami yangu kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu ya zamani. Bado inawaka ila inakwenda taratibu mno, unabonyeza kitu unakwenda kuangalia chungu jikoni unarudi ndo inafungua. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, ni Pentium 133, ramu megabaiti 16, Windows 95. Kuna kijana Chake Chake ana prosesa mbili za zamani, AMD K6-2 ya 400 na Pentium MMX ya 233, anasema zote zinakaa soketi moja na yangu na bei ni moja, basi nichukue ya 400 mana ndo kali. Nimeifungua, kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, pameandikwa Socket 7 na kuna chipu ya Intel ina namba 82437VX. Nichukue ipi?

JIBU

Waalaykumu ssalam dada yangu, na Mungu amrehemu mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili mana humo ndani mna jasho la watu, kwa hiyo kabla hujamlipa huyo kijana hata shilingi, toa hadidiski, tafuta kile kiadapta cha IDE, plagi ya hadidiski za zamani, kwenda USB, kopi kila kitu kwenye laptopu, kisha kopi tena kwenye flashi ukampe mtu wa nyumba nyengine akuwekee. Hadidiski ya 1996 ikiamua kufa haitoi taarifa. Ukishamaliza hapo ndo rudi usome haya mengine.

Kijana hajakudanganya, zote mbili zitaingia. Soketi 7 ina pini 321 na hizo prosesa zote zinakaa humo bila kulazimisha, lakini mazabodi za siku hizi ukiweka prosesa zinaitambua wenyewe na kuipa umeme inaoutaka, hizi za zamani hazijui, wewe ndo unaziambia kwa jampa, vile vikofia vidogo vyeusi vinavyounganisha pini mbili mbili. Na hizo prosesa hazili umeme sawa. Hiyo 133 yako inakula volti 3.3, nyengine za aina yake zinataka 3.5. MMX iliyotoka 1997 inataka volti za aina mbili kwa pamoja, 2.8 kwa ndani kwenye kiini na 3.3 kwa njia zake za kuongea na bodi. K6-2 iliyotoka 1998 ndani inataka 2.2 tu. Bodi yako ya chipu za VX ni ya 1996, imetengenezwa kabla hizo mbili hazijatoka, kwa hiyo inategemea aliyeitengeneza alitazama mbele kiasi gani.

Chukua tochi, angalia pembezoni mwa soketi na karibu na zile koili za waya wa shaba, mara nyingi pana jedwali dogo la maandishi meupe limechapwa juu ya bodi. Ukiona 3.3 na 3.5 peke yake, au STD na VRE ambayo ni majina ya volti hizohizo, basi bodi yako ina volti ya aina moja na prosesa zote mbili za kijana ziache hukohuko Chake. Ukiona 2.8 au neno P55C, jina jengine la MMX, basi MMX inakubali. Ukiiona 2.2 nitashangaa, kwa bodi za umri huo ni nadra sana. Na jedwali likiwa limefutika usibahatishe, soma jina la bodi na toleo lake, tafuta kitabu chake kwenye intaneti, mana jampa ya bodi moja haifanani na ya bodi nyengine hata zikiwa za kampuni moja.

Hili nnalisisitiza kwa sababu limenikuta. Miaka hiyo nilikuwa na meza ya ufundi Mlandege, akaja mwalimu na MMX yake mpya kabisa, nikamwekea, jampa za kasi nikazipanga vizuri, za volti nikaziacha zilivyokuwa, kwenye 3.5. Ikawaka! Ikahesabu ramu, ikafika mpaka Windows, mwalimu anafurahi, mimi nnafurahi. Nikagusa hitisinki, kile chuma cha mapezi kinachokaa juu ya prosesa, nikaondoa mkono mbio. Nilipoizima ilikuwa imeshachelewa, haikuwaka tena, na ile ilikuwa pesa ya mwalimu alojibana nayo muda mrefu. Niliilipa, lakini uso wake bado nnao mpaka leo. Tokea siku ile naanza na volti, kasi ndo inafuata.

Sasa kasi. Bodi yako inapiga megahetsi 66, prosesa inazidisha, 66 mara 2 ndo 133. Kuzidisha nako ni jampa, kawaida BF0 na BF1, na bodi yako nadhani inaishia mara 3, kwa hiyo utajiuliza 233 inapatikana vipi. MMX ya 233 ukiiwekea mara 1.5 yenyewe inaisoma mara 3.5. K6-2 ya 400 ukiiwekea mara 2 inaisoma mara 6. Kwa hiyo kasi hata bodi yako ingeifikia, tatizo lingebaki volti. Na baiosi ya zamani, ile programu ya kwenye bodi inayoiamsha kompyuta, inaweza kuandika jina la prosesa au namba ya uongo pale mwanzoni, hilo lisikutishe.

Ila hata kama bodi ingekuwa na hiyo 2.2, mimi K6-2 kwako nisingeiweka, na sababu ni ile programu ya ami. Turbo Pascal ina kipande kinaitwa Crt, karibu kila programu ya enzi zile inakitumia. Programu ikianza tu, Crt inaipima kompyuta, inazunguka kitanzi kwa muda mfupi na kuhesabu kimezunguka mara ngapi, halafu inagawanya. Kompyuta ikiwa na kasi mno hesabu inakuwa kubwa kuliko nafasi ilowekewa, programu inakufa palepale na kukuandikia Runtime error 200. Kwenye 133 huioni, ukipanda kupita megahetsi 200 hivi ndo inaanza kujitokeza, na K6-2 inafanya ile amri ya kitanzi kwa haraka ya pekee kwa hiyo huko ndo utaipata mapema. Windows 95 yenyewe nayo inaugua maradhi hayohayo, ukiiweka kwenye K6-2 ya 350 kwenda juu inaweza kugoma kuwaka na kusema Windows protection error, ikabidi utie kiraka. Vijiprogramu vya kuitibu faili ya Pascal vipo pia, lakini fikiria umeweka prosesa, umefungua daftari la baba, na daftari linakataa kufunguka. Sikutakii usiku huo.

Kwa hiyo ningekuwa mimi niliyepo Wete, ningeanza na ramu. Hiyo megabaiti 16 ndo inayokufanya uende jikoni urudi, Windows inakosa nafasi inaanza kuandika kwenye hadidiski, na hadidiski ya zamani ndo mzee kuliko wote humo ndani. Tafuta vijiti vya pini 72, vinawekwa viwili viwili vinavyolingana kwa sababu Pentium inasoma biti 64 na kijiti kimoja kina 32. Fikia megabaiti 64 usimame hapo, chipu za VX haziwezi kuiharakisha kumbukumbu inayozidi 64, ukiongeza utashangaa inakuwa nzito. Hilo likitosha, prosesa acha. Likiwa halijatosha na jedwali lina 2.8, chukua MMX. Likiwa halina, tafuta Pentium ya kawaida ya 200, inakula volti ya aina moja kama yako, ila hakikisha ni 3.3 au 3.5 uipange jampa yake, kisha ya kuzidisha iwe 3. Na 133 yako usiitupe wala usiibadilishane, ifunge kwenye kijisanduku, Pascal ikigoma unairudisha.

Siku ya kuweka, chomoa waya ukutani, usitegemee swichi ya mbele, kwenye keisi hizi za AT, mtindo wa zamani, umeme wa ukutani wenyewe unafika mpaka kwenye ile swichi. Nyanyua mkono wa soketi mpaka usimame wima, prosesa ya zamani itoke yenyewe. Mpya ina kona moja pini zake zimepangwa tofauti na nyengine, ilinganishe na kona kama hiyo kwenye soketi, iachie, itazama kwa uzito wake. Isipozama usikandamize hata kidogo, kuna pini imelala, inyanyue taratibu kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ukiwa umetoa risasi yake. Paka pesti mpya kidogo baina ya prosesa na hitisinki, feni uhakikishe inazunguka. Plagi mbili za umeme wa bodi ukizirudisha nyaya nyeusi zikutane katikati, ukizigeuza unaunguza kila kitu. Na mana Wete bahari iko hapo chini, vijiti vya ramu visugue meno kwa raba ya mtoto wa skuli, chumvi ya hewa inafanya kutu usiyoiona na kompyuta inakusingizia prosesa mbovu.

SWALI

Fundi mie niko Mwanakwerekwe, nina kompyuta ya 486 nataka kuitia prosesa ya DX2-66, lakini karibu na plagi ya kibodi kuna betri kama pipa dogo la buluu limetoa ukungu wa kijani. Niendelee?

JIBU

Usiendelee, prosesa iweke pembeni. Hiyo ni betri ya nikeli-kadimiamu na maji yake yanakula njia za shaba kila siku unayochelewa. Vaa glavu, ikate leo, paka siki au ndimu kwa mswaki wa zamani mana hayo maji ni ya alkali na asidi ndo inayoyatuliza, kisha safisha kwa spiriti mara mbili, uache ikauke siku nzima kivulini. Halafu niletee picha ya njia zilizo chini ya hapo betri ilipokuwa, hasa zinazoelekea kwenye kibodi, tuone zimebakia ngapi.